Tonge la Jirani

Nakijwa Mndeme alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Abiria akilia mezani, wahudumu wenzake humletea kitambaa. Nakijwa humletea kitambaa na swali. Ndiyo maana Shirika la Upeo lilipoanza kuwalisha abiria kumbukumbu zao wenyewe, yeye alikuwa wa kwanza kuomba kazi ya mhandisi wa ladha, na hakuna aliyeshangaa.

Asubuhi hiyo, katika ukumbi wa kulia wa uwanja wa ndege wa Mpwayungu, kusini mwa Dodoma, abiria wa kwenda Valparaiso, ng’ambo ya Atlantiki, walikuwa wanakula kwa pupa. Huku chapati, kule supu ya kongoro, na mzee mmoja alikuwa ameshika mshikaki kila mkono. Wazoefu walijua na wageni walikuwa wameambiwa: ndege za utosini hupaa hadi pale mbingu inapoanza kuwa nyeusi, na huko juu ulimi hufa ganzi. Sukari, chumvi, ndimu, vyote huwa sawa na karatasi. Basi watu walikuwa wanaiaga ladha huku chini, kila mtu kwa kadiri ya tumbo lake.

Nakijwa alipita meza hadi meza na kisanduku chake cha tando. Kabla hajafika meza ya mwisho alisikia ugomvi kwenye lango la ukaguzi.

“Tui la nazi limekuwa bomu lini?” Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, kanga begani, mkoba wa ukindu mkononi. “Nimelikuna mwenyewe, nimelikamua mwenyewe, nimelifunga mwenyewe. Hilo bomu nimelitengeneza saa ngapi?”

“Mama, ni kimiminika. Hakipiti.”

“Basi kinywe wewe. Usikimwage, ni dhambi.”

Mkaguzi, kijana wa watu, alilichukua kopo kwa mikono miwili na heshima zote. Mwanamke akaruhusiwa kupita na kopo lake jingine, la viungo vikavu, akaja kuketi huku bado ananung’unika. Nakijwa akamfuata.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kuninyang’anya nini?”

“Nimekuja kukupa.” Nakijwa akafungua kisanduku na kumwonyesha utando: kipande chembamba, cheupe, cha kulala juu ya ulimi. “Huu unaubandika sasa hivi. Kisha unafikiria chakula kimoja unachokitamani kuliko vyote. Huko juu tutakuletea bonge la mtama lisilo na ladha yoyote, lakini ukilila, utakula kile ulichokifikiria.”

Mwanamke aliutazama utando kwa jicho la mtu aliyeuziwa samaki wabovu mara nyingi. Jina lake lilikuwa Bi. Tunu Kibwana, wa Pangani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda chombo kinachoruka juu kuliko minazi. Alikuwa anamwendea binti yake, Mwanamvua, aliyeolewa na kuajiriwa huko Valparaiso kwenye mitambo ya kuchuja maji ya bahari. Mwanamvua alikuwa na mimba ya kwanza, iliyokuwa imeshafika mwishoni.

“Kaniomba kitu kimoja tu,” alisema Bi. Tunu. “Uji wa uzazi wa bibi yake. Wa pilipili manga. Mama yangu alinipikia mimi nilipomzaa yeye Mwanamvua, kila asubuhi, arobaini nzima. Na mama hakunifundisha kwa vijiko. Alinifundisha kwa ulimi. Mimi napika mpaka ulimi uniambie ndio wenyewe.” Akaligonga kopo la viungo. “Basi mashine yako inipe uji huo. Niuonje njiani, ulimi usinisahau nikifika.”

“Utaupata, mama. Ule ule.”

Nakijwa alilisema hilo kwa fahari, kwa kuwa lilikuwa kweli. Ndani ya lile bonge la mtama mna vichembe visivyoonekana kwa macho. Maabarani viliitwa jina refu la kuvunja meno. Jikoni viliitwa vidokozi, maana kazi yake ni ile ile ya mtoto anayenyemelea sufuria: vinaingia, vinamega ladha pale ilipolala kichwani, vinaileta ulimini. Wataalamu walikuwa wamejaribu kuinakili ladha wakashindwa, nakala ilitoka imechuja. Ladha ilikubali kuazimwa tu. Kwa hiyo mwenyewe akimaliza kula hunywa maji ya kufunga, ladha ikarudi mahali pake, mlango ukafungwa.

Meza ya mwisho alikaa mwanamume peke yake na chupa ya maji, hana hata andazi. Alikuwa Yoeli Chidawali, fundi wa mitambo ya upepo kutoka Bahi.

“Mimi niwekee tu, dada, kwa kuwa ndio utaratibu,” alisema. “Ila sina cha kufikiria. Nilipata homa kali nikiwa mdogo, sijaanza hata shule. Ilipoondoka, iliondoka na ladha. Kwangu mimi chakula ni mafuta ya gari.”

Nakijwa alitaka kumuuliza mambo kumi. Honi ya kupanda ikalia, akameza maswali yake.

*

Juu ya Atlantiki mbingu ilikuwa ya rangi ya wino, na ndani ya ndege mlikuwa na kimya kile cha watu wanaokula nyumbani kwao. Nakijwa aliupenda wakati huo kuliko wote. Mzee wa mishikaki alikuwa amefumba macho. Msichana mmoja alikuwa anacheka peke yake. Kwenye karibu kila trei taa ndogo ya njano iliwaka, maana yake ladha imeazimwa. Mtu akinywa maji ya kufunga, taa inageuka kijani.

Mstari wa kati, Bi. Tunu na Yoeli walikuwa wamekaa pamoja. Bi. Tunu alikuwa amenawa mikono kwa maji ya chupa, akautupilia mbali uma wa shirika, anafinyanga.

“Lo! Uji wa kumega kwa mkono! Mama angeniona angenicheka.” Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. “Ndio wenyewe, jamani. Ndio wenyewe.”

Kisha akageuka, akamwona jirani yake anatafuna bonge lake polepole, uso mkavu kabisa.

“Karibu, baba.”

“Asante mama, nami nakula.”

“Unakula nini? Unatafuna tu. Karibu bwana, chakula hakiliwi peke yake.”

Akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akamnyooshea.

Watu waliobuni chakula kile walikuwa watu wa kila mmoja na sahani yake, kila mmoja na uma wake. Waliandika maonyo kuhusu mzio, kuhusu watoto, kuhusu moto. Haikuwapitia akilini kwamba duniani wako watu ambao kumeza mbele ya mwenzako bila kumkaribisha ni aibu, na kukataa tonge la mama wa makamo lililokwisha kunyooshwa ni aibu zaidi. Nakijwa, aliyelelewa Upareni hivyo hivyo, naye jambo hilo lilikuwa halijampitia akilini. Aliona mkono ukinyooshwa akiwa nyuma ya toroli la chai, akafungua kinywa kupiga kelele.

Yoeli akalipokea lile tonge kwa adabu, akala.

Hapo pakatokea jambo. Macho yalimtoka. Alishika koo, kisha midomo, akawa anahema kama aliyemeza kaa la moto. Maskini, ilikuwa pilipili manga, na tangu utoto hakuwahi kuwashwa na kitu. Akapapasa mezani, akakuta maji, akayanywa yote kwa pumzi moja. Yalikuwa maji yake ya kufunga.

Taa ya trei yake, iliyokuwa imezima tangu mwanzo, ikawaka kijani.

Bi. Tunu alikuwa anacheka. “Pole baba! Mzazi huwashwa hivyo hivyo, ili damu itembee.” Akarudi kwenye sahani yake, akamega tonge jingine, akalitia kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanywa maji yake ya kufunga, na taa yake ikabaki njano.

“Mwanangu,” akamwita Nakijwa, taratibu. “Huu umeingia nini? Hauna kitu tena.”

*

“Mtilie kwenye chai,” alisema Rwegoshora.

Rwegoshora alikuwa msimamizi wa safari, mtu mzima, mtulivu, aliyewahi kuzalisha mwanamke hewani na kumfunga kamba rubani aliyerukwa na akili. Walikuwa wamesimama jikoni, pazia limefungwa. Mkononi mwa Nakijwa kulikuwa na kichupa cha maji ya kufungua.

“Nieleze tena, polepole,” akasema Rwegoshora. “Kumbukumbu ya yule mama imo kichwani mwa yule bwana?”

“Imo. Vidokozi vilivyoiazima viliingia kwake na tonge, na yeye ndiye wa kwanza kunywa maji ya kufunga. Imefungwa kwake.”

“Na ukimnywesha hayo?”

“Inafunguka, inarudi ulimini. Akimega tonge akampa Bi. Tunu, na Bi. Tunu akanywa maji ya kufunga, imerudi kwa mwenyewe. Lakini ni kabla hatujashuka. Masikio yakishazibuka, kilichofungwa kimefungwa.”

“Basi shida iko wapi? Mtilie kwenye chai. Waambie wapeane tonge tena, ni watu wa adabu, hawatakataa. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayelia. Mali irudi kwa mwenye mali.”

Lilikuwa shauri la busara na Nakijwa alilijua hivyo. Alimimina chai, akakizibua kichupa. Lakini kile kichwa chake kilichozoea kuuliza hakikuzibika: yule bwana ambaye ulimi wake ulikuwa umekufa tangu utotoni, aliwashwaje?

Akaiacha chai jikoni, akaenda kutazama kwanza.

Alimkuta Yoeli amehamia kiti kitupu cha nyuma, ana pakiti ya karanga, anazila moja moja. Aliinua moja mbele ya taa.

“Dada, hii ndiyo karanga?”

“Ndiyo yenyewe.”

“Kumbe.” Akaitia kinywani, akafumba macho. “Ndiyo maana watu wanazigombania.”

Nakijwa akakaa. Huko juu hata mtu mzima wa afya haonji karanga. Akampa kipande cha ndimu, Yoeli akakunja uso mzima kisha akaomba kingine. Akampa chumvi kwenye kiganja, akailamba mara tatu. Hakukuwa na shaka. Ile ladha ngeni ilipoingia ilisukuma mlango uliokuwa umekwama miaka yote, na sasa ndiyo iliyouegemea usijifunge. Ikitolewa, mlango utarudi kujifunga.

“Naomba nikuulize kitu cha aibu,” alisema Yoeli, akashusha sauti. “Kifua kinanivuta. Hapa na hapa. Na mgongo, hapa chini, unauma kama nimebeba magunia. Na namtamani mtoto fulani, sijui mtoto wa nani, nataka wanipe nimshike. Hii ni kawaida?”

Nakijwa alijiuma mdomo asicheke. “Bwana Yoeli, umekula uji wa mzazi. Nadhani umezaa.”

Yoeli alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka, na katikati ya kicheko kile akaanza kulia. “Mke wangu anaitwa Mariselina. Ananipikia kila siku. Kila siku ananiuliza, chakula kikoje? Nami nasema kitamu. Mtu ninayempenda, dada, ninamdanganya mchana na usiku. Nikirudi nyumbani safari hii nitakula polepole, halafu nitamwambia ukweli. Hata kama ni kibaya nitamwambia.”

Nakijwa alirudi jikoni, akaitazama ile chai. Tusidanganyane: haikuwa huruma peke yake. Hakuna maabara iliyowahi kumrudishia mtu ladha iliyokufa. Huyu alikuwa wa kwanza duniani, yuko kiti cha nyuma anakula karanga, na yeye Nakijwa angeweza kukaa kimya, ndege ikashuka, akawa na swali la kuchunguza maisha yake yote. Alilitamani hilo, tena sana, na kule kulitamani kulimtisha. Kumtilia kwenye chai ni wizi. Kunyamaza ni wizi pia. Tofauti ni nani anaibiwa.

Akaimwaga chai kwenye sinki.

“Nitawaambia wote wawili,” akasema.

Rwegoshora alirudisha birika mahali pake. “Utakuja kujibu kwa shirika, mhandisi.”

“Nitajibu.”

*

Aliwaketisha jikoni, juu ya masanduku ya soda, akawaeleza bila kuzunguka. Bi. Tunu alisikiliza akiwa amefumba macho. Ilionekana wazi kwamba bado anapekua humo ndani, anatafuta.

“Namkumbuka mama,” alisema. “Nakumbuka kwamba alinipikia. Nakumbuka bakuli, la bluu. Lakini uji wenyewe…” Akasogeza ulimi kinywani. “Hamna. Ni kama mtu amenihadithia.” Kisha hasira zikampanda, akamgeukia Yoeli. “Mimi nilikukaribisha chakula! Sikukukaribisha kwa mama yangu!”

“Sikujua, mama.”

“Najua hukujua! Ndiyo maana sijakupiga kofi. Nakwenda kumwambia nini mwanangu? Nimpikie maji ya moto yenye pilipili? Mama amekufa, hana mwingine aliyemfundisha. Ulikuwa umebaki kwangu tu!”

Yoeli akanyoosha mkono kwa Nakijwa. “Nipe hayo maji, dada.”

“Unajua utarudi ulivyokuwa?”

“Najua. Nimeishi bila ladha, sijafa. Cha mtu ni cha mtu.”

Nakijwa akamimina maji ya kufungua kwenye kikombe, akamwekea mbele. Yoeli alikuwa amebakiwa na karanga moja kiganjani. Akaitia kinywani, akaitafuna kwa muda mrefu mno kwa karanga moja, huku anatazama sakafu. Kisha akakiinua kikombe.

“Ngoja,” alisema Bi. Tunu.

Alikuwa amemtazama akitafuna. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Umemwona? Mama yangu?”

“Namwona, mama.”

“Yukoje?”

Yoeli alikishusha kikombe bila kukiachia. “Mwembamba. Amejifunga kanga kifuani, ina alama ya kuungua hapa pembeni. Amekaa kitandani karibu nami… karibu nawe. Anaupuliza uji. Anasema kunywa, kunywa, maziwa hayatoki kwenye mawe.”

“Lo, ndiye!” Bi. Tunu alicheka kwa machozi. “Ndiye kabisa. Mwaka ule mvua ilikataa, unga ukawa wa kutafuta kwa tochi. Lakini mimi sikukosa uji hata siku moja.”

“Anakwangua sufuria sasa. Anakwangua sana. Makoko yote anakutilia wewe. Unamuuliza, na wewe mama? Anasema ameshakula kwa jirani.”

“Kwa Bi. Mgeni. Alikuwa anakula kwa Bi. Mgeni asubuhi.”

Nakijwa alimwona Yoeli anasita, akajua kwamba anachokitafuta ni namna ya kusema.

“Hakula, mama,” alisema. “Ameniegemea akininywesha. Ubavu wake uko sikioni kwangu, na tumbo lake linanguruma. Linanguruma mfululizo. Wewe ulikuwa na mtoto kifuani na njaa ya mzazi, labda hukusikiliza. Lakini lilikuwa linasikika, maana mimi nalisikia humu humu kwenye kumbukumbu yako.”

Mtambo wa kuchemshia maji ulijizima kwa mlio mdogo. Bi. Tunu alikaa na mkono mdomoni, na Nakijwa, kwa mara ya kwanza katika kazi ile, hakuwa na swali lolote.

“Kila asubuhi,” alisema Bi. Tunu mwishowe. “Na mimi nilikuwa nalamba mpaka kijiko.”

Alilia, na hakulia kwa adabu. Yoeli naye alikuwa analia, na haikujulikana nani anamlilia mama wa nani. Walipotulia, Bi. Tunu alifuta uso kwa ncha ya kanga, akapeleka mkono kwenye kikombe, akakitoa taratibu katika vidole vya Yoeli.

“Mama yangu alinipa chake, akakaa na njaa,” alisema. “Leo nimnyang’anye mtu aliyekwisha kula, ili nishibe nini?”

“Mama,” alisema Nakijwa, “fikiri vizuri. Tukishuka haurudi tena. Hutauonja tena maishani. Na mimi sina haki ya kukuficha: nafsi yangu inataka Yoeli aendelee kuwa nao. Nataka kumchunguza. Usinisikilize mimi.”

“Sikusikilizi wewe.” Bi. Tunu alisimama, akakimimina kikombe kwenye sinki kwa mkono wake, akakisuuza kabisa kama mtu aliyeko jikoni kwake. “Wewe baba, kazi yako huko Valparaiso inaanza lini?”

“Nina wiki nzima ya kupumzika, mama.”

“Hupumziki. Mimi nitapika, wewe utaonja. Nitakoroga mpaka useme ndio wenyewe. Na nikikuta umesema ndiyo kwa kunionea haya, kama unavyomfanyia mkeo, nitakutoa kwa mwiko.”

*

Walishuka Valparaiso kukiwa kweupe. Nakijwa angeweza kubaki kwenye ndege. Maelezo yake kwa shirika yalikuwa yanamsubiri, na Rwegoshora alikuwa amemwambia ajiandae kwa lolote. Lakini alichukua koti lake, akawafuata. Alitaka kuona.

Ukumbi wa wanaowasili ulikuwa umejaa harufu za vyakula visivyo na jina kwa Kiswahili, na Yoeli alikuwa anasimama kila hatua mbili, pua juu, mpaka Bi. Tunu akamvuta shati. Alikuwa amebeba mkoba wa ukindu wa yule mama na hakuna aliyekumbuka ameupokea saa ngapi. Masikio yao yalikuwa yameshazibuka. Mara moja tu Nakijwa alimwona Bi. Tunu akisogeza ulimi kinywani, akisikiliza, kisha akiacha, na uso wake wakati ule ulikuwa uso wa mfiwa.

Mwanamvua alikuwa amesimama nyuma ya kamba, tumbo mbele, mkono kiunoni. Mwanamke mrefu, amechoka, ana miduara chini ya macho. Alipomwona mama yake alianza kulia kabla hata ya kusalimia. Wakakumbatiana kwa ubavu, kwa sababu ya tumbo.

Yoeli alikuwa amesimama pale pale alipomwona. Mkoba ulikuwa umemponyoka. Nakijwa alimtazama, akaelewa kilichokuwa kinampata, na udadisi wote ukamwisha. Mtu huyu alikuwa anamtazama mwanamke mzima asiyewahi kukutana naye, na alikuwa amemshika akiwa na umri wa siku moja.

Mwanamvua alimwona juu ya bega la mama yake. “Mama, nani huyu kaka anayelia?”

Bi. Tunu aligeuka. Alimtazama Yoeli, akatafuta neno la kumweleza, akalikosa, akasema lililo kweli.

“Huyu tulijifungua pamoja. Siku ile ulipozaliwa wewe.”

“Mama?”

Lakini Yoeli alikuwa ameshasogea hadi kwenye kamba. Alimkagua Mwanamvua kuanzia usoni, mashavu yaliyonywea, mikono iliyokonda, mpaka tumboni, kwa ukali kidogo, kama anavyokagua mtu mwenye haki hiyo.

“Umekula lakini?” akamuuliza.

Mwanamvua alimtazama mama yake, akamtazama tena yule mgeni. Midomo ilimcheza.

“Bado,” akasema.